Watoto Wanne, Ngazi Moja

Shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ameokota choo cha watoto kwa miaka sita. Nasema ameokota kwa sababu ndivyo anavyosema mwenyewe. Kwenye karatasi za ajira anaitwa mkusanyaji wa sampuli, lakini mtaani hakuna anayelijua jina hilo. Mtaani anaitwa Mama Vikopo.

Vikopo vyenyewe ni vya plastiki. Vina kifuniko cha bluu, na ndani ya kifuniko kuna kijiko kidogo kilichoshikamana nacho. Asiyejua akikiona atadhani ni cha asali. Kaka yangu aliwahi kukuta kimoja juu ya meza, kipya kabisa, akatia chumvi. Shemeji alipoingia alimweleza kwamba ni kipya. Kaka akakubali kwamba ni kipya. Chumvi ile haikuliwa.

Mimi naosha vyombo katika maabara hiyohiyo. Shemeji ndiye aliyenipeleka, akawaambia kwamba mimi sisemi sana na sivunji vitu. Kazi ya kuosha vyupa haihitaji zaidi ya hapo. Elimu yangu ni ya shule ya msingi, lakini mtu anayesimama kwenye sinki husikia mengi, kwa sababu watu huongea mbele yake kama wanavyoongea mbele ya sinki.

Kwa hiyo najua maabara inatafuta nini. Utumboni mwa kila mtoto wamo bakteria. Wengi wana jina moja, kama watu wa ukoo mkubwa, lakini ukichunguza vinasaba vyao unakuta koo ndogondogo nyingi zisizofanana. Nyingine hazina ubaya wowote. Nyingine ndizo zinazomharisha mtoto mpaka macho yanaingia ndani. Mradi unataka kujua koo hizo ni ngapi, na zipi huonekana kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaohara.

Shemeji analeta kikopo ndani ya boksi la barafu. Mtaalamu, kijana mwenye miwani ambaye hula chakula cha mchana amesimama, anapaka kidogo kwenye sahani ya kuoteshea. Kesho yake sahani ina madoa ya rangi ya waridi. Anachagua madoa matano, anayapitisha kwenye mashine zake, na mwisho anapiga picha. Kila doa hutoa mistari iliyopangana juu na chini kama vipago vya ngazi. Doa la ukoo mmoja, ngazi moja. Ukoo mwingine, ngazi nyingine. Mtoto mmoja peke yake huwa na ngazi mbili au tatu tofauti. Watoto wa nyumba mbalimbali ni nadra kufanana.

Shemeji huanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu akina mama wengi wa mitaa ile wanafanya kazi kiwandani na saa moja wameshatoka. Anapiga hodi, anauliza maswali ya kwenye fomu, anaandika anachoambiwa. Haongezi na hapunguzi. Mama akisema mtoto amehara mara nne, anaandika nne, hata kama mtoto mwenyewe anaonyesha vidole vyote. Saa anaiandika mpaka dakika. Wakati mmoja baba fulani, aliyechoka kusumbuliwa, alimpa kikopo kilichojaa vizuri. Shemeji alikifungua, akakitazama, akamrudishia.

"Baba, hiki kimepikwa."

Ulikuwa uji. Akaandika kwenye fomu: hakutoa. Muda: saa 12:41.

Nayaeleza haya ili ieleweke ilivyokuwa Jumatatu ile Mkuu wa maabara alipomwita. Mimi nilikuwa kwenye sinki.

Mtaalamu aliweka picha mezani. Alikuwa hana raha.

"Mama, hawa watoto wanne uliwachukua wiki iliyopita. Nyumba nne, barabara nne."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sahani nne. Madoa ishirini." Alisukuma miwani juu. "Ngazi moja."

Shemeji aliinama akatazama. Hata mimi niliona nikiwa mbali. Ilikuwa safu ya ngazi ishirini na zote zilikuwa zilezile.

"Zimefanana," alisema.

"Zimefanana mno," alisema Mkuu. Mkuu ni mtu mrefu, mpole, na upole wake ndio unaotisha. "Mama, kuna maelezo mawili. Ya kwanza, watoto wanne wasiojuana wana ukoo mmoja wa bakteria na hawana mwingine wowote. Ya pili, mtu alipata mtoto mmoja, akaona jua limekuwa kali, akagawa."

"Akagawa nini?"

Mkuu hakutaka kulitaja neno. Alionyesha vikopo.

Shemeji alivitazama. "Nikagawe mavi ya mtoto mmoja kwenye vikopo vinne? Kama sukari ya msibani?"

"Sijasema umegawa. Nimesema nataka maelezo. Ijumaa saa nne. Yasipopatikana, tutaachana vizuri na tutakushukuru kwa utumishi wako. Boksi liache hapa."

Alivua mkanda wa boksi begani. Miaka sita mkanda ule ulikuwa umemwachia alama, na bega lile limeshuka kuliko lenzake. Akatoka akiwa amepinda vilevile, kana kwamba boksi bado lipo.

Usiku tulikula pamoja. Kaka yangu ni fundi baiskeli na hapendi mazungumzo ya kazi ya mkewe wakati wa chakula, lakini siku ile hakuwa na budi.

"Yaani unafukuzwa kwa sababu mavi yamefanana?"

"Ndiyo."

"Mimi kwangu yote yanafanana."

"Ndiyo maana wewe ni fundi baiskeli."

Kaka alisogeza sahani yake mbali kidogo, akaendelea kula. "Kazi zipo nyingine," alisema.

"Kazi zipo. Lakini nikipita pale sokoni watasema nini? Watasema yule ndiye aliyekuwa mwizi. Watu wengine wanaiba ng'ombe, mimi nimeiba kuhara." Akanigeukia. "Shemeji, nawe sema kitu."

Nilisema chakula kizuri.

Jumanne hakuwa na kazi, na hilo ndilo lililomsaidia. Kwa miaka sita alikuwa hajawahi kufika kwenye nyumba zile mchana. Saa sita alikwenda barabara ya kwanza. Mlango una kufuli. Akaenda ya pili, kufuli. Ya tatu na ya nne, kufuli na kufuli. Alisimama mbele ya mlango wa nne akatoa nakala ya fomu kwenye pochi, maana yeye hubaki na nakala za fomu zake. Palikuwa na swali: mtoto analelewa na nani? Wote wanne walijibu mama. Na mama yuko kiwandani, na mlango umefungwa, na mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Hakuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayefanya kazi kiwandani.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa tatu mpaka saa kumi na moja jioni. Mama mwenye nyumba alitokea kwenye kona, mkoba mkono huu, mtoto mkono ule. Alipomwona Mama Vikopo hapo, na jioni, alipunguza mwendo.

"Shikamoo, mama. Leo umekuja saa hizi?"

"Marahaba. Nimekuja bila kikopo, usiogope." Shemeji alimtazama mtoto, hakumtazama usoni. Hajui nyuso za watoto sana; kaptula zao ndizo anazozijua. "Mwanao amevaa kaptula ya nani?"

"Ya kwake."

"Ya kwake ina kifungo kimoja cha bluu na nyuma imelegea. Hii ina bata. Hii ni ya mtoto wa barabara ya pili."

Mama yule aliitazama kaptula kama anayeiona mara ya kwanza. Kweli palikuwa na bata, mwenye kofia.

"Mama, samahani, wewe ni wa mavi au ni wa nguo?"

"Vyote vinakaa pamoja."

Mama alifungua mlango, akaingia, akamvua mtoto kaptula ile ya bata haraka kana kwamba akiivua mambo yatakwisha. Shemeji alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Kuna mtu anawatunza mchana," alisema Shemeji. "Mbona fomu umesema unamlea mwenyewe?"

"Si namlea mwenyewe? Nani anamlisha usiku? Nani anamwogesha?" Kisha sauti ikashuka. "Mama, wewe ungeandika nini? Ungeandika kwamba namwacha mwanangu kwa mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni? Na yule bibi hana kibali. Mwaka jana walikuja watu wa ofisi wakamfungia mwezi mzima. Mwezi ule nilikwenda kazini na mtoto nimemficha kwenye boksi la vitambaa. Tumekubaliana wote, hatumtaji."

"Wote ni akina nani?"

Akawataja. Watatu walikuwa wale wengine wa kwenye fomu.

Shemeji alimwahidi kwamba hataitaja nyumba ile kwa mkubwa wa ofisi yoyote, ya serikali wala ya maabara. Jioni hiyohiyo akawazungukia wote wanne wa kwenye fomu, wakatia sahihi kwamba watoto wao wapimwe tena. Walitia sahihi shingo upande, ila walitia.

Jumatano asubuhi alikuja maabara, akabaki nje ya geti kwa sababu ya ile habari ya Ijumaa, akamwita Mtaalamu kupitia kwangu. Mimi nilimwambia Mtaalamu: "Anakuita." Akatoka.

"Wale wanne mchana wanashinda nyumba moja. Naweza kukuletea vikopo vya pale," Shemeji alimwambia.

"Mama, ukileta wewe haisaidii. Watasema umegawa tena."

"Basi njoo uokote mwenyewe."

Mtaalamu alisukuma miwani juu. Miaka mitatu alikuwa anachunguza choo cha watoto na nadhani alikuwa hajawahi kukiona kikitoka. Lakini alichukua vikopo. Boksi la barafu hakujua kulivaa, likawa linamgonga magoti, kwa hiyo nikalibeba mimi.

Nyumba ya yule bibi ilikuwa ya chumba kimoja na ua mdogo wenye sakafu ya saruji. Bibi mwenyewe zamani alishona sare kiwandani kulekule, mpaka macho yalipochoka. Watoto saba walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Walitutazama. Shemeji alimwamkia Bibi, akaeleza, na Bibi alisikiliza huku mkono mmoja unamzuia mtoto asile kipande cha sabuni.

"Mnataka kunifungia?"

"Hapana, mama. Hata mtaa sitausema."

"Na huyu mwenye miwani?"

"Huyu anatafuta mavi tu."

Mtaalamu aliitikia kwa kichwa.

"Basi karibuni," alisema Bibi. "Hapa hamtayakosa."

Uani palikuwa na poti moja ya kijani. Kando yake palikuwa na beseni la maji, na kando ya beseni begi kubwa la nguo za watoto.

"Poti ni hii moja?" aliuliza Shemeji.

"Moja inatosha. Hawaendi pamoja. Na kila mtoto akitoka naisuuza."

"Kwa maji gani?"

Bibi alionyesha beseni.

"Na mikono yao wananawia wapi?"

Bibi alionyesha beseni. "Nayabadilisha kila asubuhi," alisema, na alikuwa anajisifu kwa haki, kwa sababu bomba liko mbali na mgongo wake haujanyooka vizuri.

Mtaalamu alilitazama beseni kwa muda mrefu, kama mtu aliyepotelewa na ufunguo akauona umening'inia mlangoni.

"Sasa tunafanyaje?" aliuliza.

"Tunakaa," alisema Shemeji.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja ajisikie."

Tukakaa. Mtaalamu alipewa kigoda kifupi, magoti yakamfika kifuani. Mtoto mmoja alikuja akasimama mbele yake, akamvua miwani polepole, akaenda nayo. Shemeji akairudisha. Saa sita na dakika kumi na tisa mtoto wa kwanza alijisikia. Mtaalamu alisahau kwamba kijiko kiko ndani ya kifuniko, akatumia kalamu. Kalamu ile haijaonekana tena. Alipomaliza, Bibi aliisuuza poti kwenye beseni, akaingiza mkono kwenye begi, akatoa kaptula ya kwanza iliyokuja, akamvalisha mtoto. Ilikuwa na bata.

"Kaptula ni ya nani?" aliuliza Mtaalamu.

"Ni ya aliye mkavu," alisema Bibi.

Mpaka saa tisa tulikuwa na vikopo vitano. Viwili vya watoto waliokuwa kwenye picha ya ngazi, vitatu vya watoto ambao Mama Vikopo hakuwahi kuwaandika. Mama zao watatu ilibidi tuwasubiri jioni watie sahihi, ndipo vikopo vyao vikaondoka. Mtaalamu aliandika kila kitu kwa mkono wake, mpaka dakika, huku Shemeji anamsomea saa.

Wakati tunaondoka Bibi alimshika Shemeji mkono. "Binti yangu, na wewe una wajukuu?"

"Bado, mama."

"Ukiwapata, walete."

Shemeji alimshukuru. Tulikwenda mpaka barabara kubwa. Hapo aliniambia: "Shemeji, nikimtajia Mkuu nyumba ile, mimi nimepona na yule bibi amekwisha. Nisiposema, hawataniamini. Wewe ungefanyaje?"

Nilifikiri mpaka tukafika maabara. Nilikuwa bado nafikiri alipoagana nasi getini.

Ijumaa saa nne Mkuu alikuwa mezani, picha mpya mbele yake. Nilipanga kuosha vyupa vilevile viwili muda wote.

"Vikopo vitano, madoa ishirini na tano," alisema Mtaalamu. "Kumi na tisa yana ile ngazi. Sita yana ngazi nyingine tatu tofauti. Nilichukua mwenyewe. Niliwaona watoto kwa macho yangu. Wanne wale si mtoto mmoja aliyegawanywa. Ni watoto saba wa poti moja. Ukoo mmoja umeingia kwenye beseni na umewatembelea wote."

Mkuu alitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ni habari kubwa kuliko ile tuliyokuwa tunaitafuta," alisema. Kisha akachukua kalamu. "Nyumba iko wapi?"

Maji ya kwenye sinki yangu yalisikika, nikafunga bomba.

"Mzee, niliahidi nisiseme," alisema Shemeji.

"Fomu ina nafasi ya anwani."

"Fomu haikuwa na nafasi ya mchana. Tumewauliza mtoto analala wapi, anakunywa maji gani, paa ni la nini, kuku wangapi. Hatukuuliza anashinda wapi. Mimi nimekosea miaka sita kwa kuandika vizuri. Nikiandika na hili vizuri, watoto saba watarudi kwenye maboksi ya vitambaa."

Mkuu alimgeukia Mtaalamu. "Wewe ulifika."

"Nilifika," alisema Mtaalamu. "Ila jina la barabara sikuliangalia." Huyu ni kijana anayechora ramani ya njia ya kwenda kununua chai.

Mkuu akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe alinitazama mimi. "Na wewe? Nasikia ulikuwepo."

"Nilibeba boksi," nilisema.

Alisubiri niendelee.

Mkuu aliweka kalamu chini. Alikaa hivyo kwa muda ambao ungetosha kuosha vyupa kumi. Hatimaye akaichukua tena, akaandika kwenye nafasi ya anwani, nasi tukaja kuona baadaye alichoandika: Mahali pa mchana, namba moja.

"Mama, rudi kazini," alisema. "Na nisamehe."

"Naomba iandikwe," alisema Shemeji.

"Iandikwe nini?"

"Kwamba sikugawa."

Ikaandikwa. Mkuu alitaka kutia sahihi, Shemeji akamzuia mpaka aandike na saa. Saa 4:26. Nakala anayo kwenye pochi. Kisha alichukua boksi kwenye kona, akavaa mkanda, na bega likakaa mahali pake.

Fomu sasa ina swali jipya: mchana mtoto anashinda wapi? Akina mama wanajibu, kwa sababu chini yake pameandikwa kwamba jina la mtaa halitakiwi. Mpaka sasa tuna Mahali pa mchana mpaka namba kumi na moja.

Mradi ulimpelekea Bibi, kupitia kwa Shemeji, ndoo mbili zenye bomba na poti saba, zote za rangi moja ili wasigombane. Shemeji aliziandika namba, moja mpaka saba, kwa kalamu ya maabara isiyofutika, akamwonyesha kila mtoto ya kwake. Kuhara kumepungua. Hakujaisha.

Wiki iliyopita Mtaalamu alikuwa anatazama picha mpya. Alimwita Shemeji, akamwonyesha ngazi mbili zilizofanana kabisa, za watoto wawili wa nyumba mbili, wote wa kwa Bibi. Safari hii hakusukuma miwani, aliuliza tu kwa adabu.

"Mama, hapa imekuwaje? Si kila mmoja ana poti yake?"

Shemeji alizitazama, akafunga boksi lake.

"Kila mmoja anayo," alisema. "Lakini wote wanataka namba tatu."